Kila Mtu Alimpenda Hank

Hank Gathers alikuwa kijana wa maneno mengi. Ukikaa naye dakika chache unajikuta unacheka, na ukiondoka unaamini kwamba wewe ndiye rafiki yake mkubwa. Alikulia kaskazini mwa Philadelphia, Marekani, katika nyumba za serikali za watu wa kipato cha chini zilizoitwa Raymond Rosen, na tangu utotoni alikuwa na jambo moja kichwani: mpira wa kikapu utamtoa yeye na mama yake mahali pale. Hakuwa mlengaji hodari. Alichokuwa nacho ni mwili uliojengeka, pumzi ya kukimbia bila kuchoka, na ukaidi wa kurukia kila mpira uliogonga ubao kana kwamba ni wake na wenzake wameuiba.

Alisoma sekondari katika shule ya ufundi ya Dobbins, na hapo alikuwa na mwenzake, Bo Kimble. Mwaka 1985 wawili hao waliipa shule yao ubingwa wa ligi ya shule za umma za jiji. Kuanzia hapo, ukimwona Hank unamtafuta Bo. Walipovuka nchi nzima kwenda Chuo Kikuu cha Southern California, walikwenda pamoja. Baada ya msimu wa kwanza kocha aliyewachukua akaondolewa, akaja mwingine, mambo yakaharibika, na walipohama walihama pamoja, wakaingia Loyola Marymount, chuo kidogo cha Kikatoliki kilicho juu ya kilima jijini Los Angeles. Siku hizo mchezaji aliyehama alilazimika kukaa nje mwaka mzima bila kucheza. Walikaa nje pamoja.

Pale Loyola Marymount walimkuta kocha Paul Westhead, mpenzi wa Shakespeare aliyewahi kuiongoza Los Angeles Lakers kutwaa ubingwa wa mwaka 1980. Falsafa yake ilikuwa kukimbia. Ukipata mpira, kimbia, na urushe kabla wapinzani hawajajipanga. Ukifungwa, usilie, kimbia tena. Timu nyingine zilimaliza mechi zikiwa hoi, mikono magotini. Msimu wa 1989 hadi 1990 timu ile ilifunga wastani wa pointi 122.4 kwa mechi, rekodi ambayo hakuna chuo cha daraja la kwanza kilichoifikia mpaka leo. Injini yake ilikuwa Hank. Msimu mmoja kabla ya hapo aliongoza nchi nzima kwa kufunga, pointi 32.7 kwa mechi, na pia kwa kudaka mipira ya ubaoni, 13.7. Kabla yake ni mtu mmoja tu katika vyuo vya daraja hilo aliyewahi kuongoza kwa yote mawili. Ligi ya NBA ilikuwa inamsubiri, na mama yake angepata nyumba.

Tarehe 9 Disemba 1989, timu ikicheza nyumbani na chuo cha Santa Barbara, Hank alisimama kwenye mstari wa mitupo huru, akarusha, kisha akaanguka. Baada ya muda akazinduka, akanyanyuka, akatoka.

Hapo ndipo hadithi ilipokaa njia panda, na msomaji aitazame kwa makini, kwa sababu hakuna aliyefanya jambo la kijinga. Walimpeleka kwa madaktari. Walimpima. Wakagundua kwamba akijitumikisha sana, vyumba vya chini vya moyo wake vinaanza kupiga mbio kupita kiasi. Moyo unaopiga mbio namna hiyo hauna nafasi ya kujaa damu kabla ya kusukuma, kwa hiyo unahangaika bila kufikisha kitu. Mbio zikizidi, unaacha kupiga na kubaki unatetemeka tu, na mtu huanguka kama mti uliokatwa. Akapewa dawa ya kutuliza mapigo. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amerudi uwanjani.

Tatizo ni kwamba dawa ya kutuliza moyo inatuliza na miguu. Hank alijiona mzito. Yeye aliyeishi kwa kukimbia akawa anaburuta miguu, pointi zikashuka, na wasaka vipaji wa NBA walikuwa jukwaani na kalamu zao. Akaomba kipimo kipunguzwe. Kikapunguzwa. Akaomba tena, kikapunguzwa tena. Mwanzoni mwa Februari alikwenda Louisiana kucheza na timu ya LSU, iliyokuwa na kijana wa futi saba aitwaye Shaquille O'Neal, akafunga pointi 48. Timu yake ilifungwa 148 kwa 141 katika muda wa nyongeza, lakini nani alijali? Hank amerudi! Wote waliompenda walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Mgonjwa akila unafurahi. Mkimbiaji akikimbia unafurahi.

Tarehe 4 Machi 1990 ilikuwa nusu fainali ya mashindano ya kanda, dhidi ya Portland, katika ukumbi wa nyumbani. Mama yake alikuwepo. Kipindi cha kwanza kilikuwa bado kibichi pale mpira uliporushwa juu kuelekea kikapuni, Hank akaruka, akaudaka hewani na kuusukumiza ndani kwa nguvu. Ukumbi ukalipuka. Akageuka kurudi kulinda kikapu chake, na karibu na katikati ya uwanja akaanguka. Akajaribu kuinuka. Akaanguka tena. Mama yake akashuka kutoka jukwaani. Hazikupita saa mbili, hospitali ikatangaza kwamba amekufa. Alikuwa na miaka 23. Uchunguzi wa mwili ulionyesha kwamba misuli ya moyo wake ilikuwa na ugonjwa.

Mashindano ya kanda yakasitishwa. Loyola Marymount, kwa kuwa walikuwa vinara wa msimu, wakapewa nafasi ya kwenda mashindano ya taifa. Wachezaji wakakubaliana kwenda.

Sasa kuna jambo moja kuhusu Hank. Alitumia mkono wa kulia, lakini mitupo huru ilimshinda, ilimshinda mpaka ikawa mzaha, na mwishowe akaamua kujaribu kuirusha kwa kushoto. Katika mechi ya kwanza ya mashindano ya taifa, dhidi ya New Mexico State, Bo Kimble alipopata mtupo wake wa kwanza alisimama mstarini, akauhamishia mpira mkono wa kushoto ambao hakuuzoea, akarusha. Ukaingia. Mtupo uliofuata akarudi kulia kama kawaida. Mechi iliyofuata walikutana na Michigan, mabingwa watetezi, wakawafunga 149 kwa 115. Bo alirusha tena mtupo wa kwanza kwa kushoto, ukaingia. Akaendelea hivyo, mtupo wa kwanza wa kila mechi kwa mkono wa Hank, na haukukosa hata mmoja, mpaka timu ya Las Vegas ilipowatoa katika hatua ya robo fainali. Wamarekani waliokuwa wakitazama televisheni siku zile wanaisimulia mitupo hiyo mpaka leo, na wengine wakiisimulia hulengwa na machozi.

Nami naipenda. Rafiki wa kufa na kuzikana ndiye huyo. Ukitaka mfano wa mtu aliyemzika mwenzake vizuri, huna haja ya kutafuta zaidi. Bo hakuishia hapo. Baadaye alianzisha taasisi inayobeba namba 44, namba ya jezi ya Hank, kufundisha watu namna ya kuokoa aliyesimama moyo. Chuo nacho kilijenga sanamu ya Hank, ikazinduliwa mwaka 2020 nje ya ukumbi ule ule.

Lakini tukimaliza kupangusa macho turudi Januari na Februari ya mwaka 1990, miezi miwili ambayo watu huipita haraka wanaposimulia. Katika miezi ile Hank alikuwa na marafiki wengi kuliko wakati wowote wa maisha yake. Wachezaji wenzake walimpenda, makocha walimpenda, madaktari walimpenda, mashabiki waliimba jina lake. Na kila mmoja wao, kwa upendo ule ule, alitaka kumpa alichokitaka. Alitaka kucheza. Ungekuwa na moyo gani kumwambia kijana wa Raymond Rosen, miezi michache kabla ya mkataba utakaomnunulia mama yake nyumba, kwamba akae chini? Ungeonekana una husuda. Ungeonekana humtakii mema.

Familia baadaye ilifungua kesi, na sehemu kubwa yake ikamalizwa kwa maridhiano na malipo. Wazee wa sheria waliifanya kazi yao. Mimi sitafuti wa kumlaumu, maana ukimtafuta mbaya katika hadithi hii utapitwa na funzo lenyewe. Kama angekuwepo mtu mbaya, mambo yangekuwa mepesi: tungemkwepa. Hapa palikuwa na watu wema watupu, kila mmoja akisogea hatua moja ndogo upande ambao Hank alikuwa akivutia. Kipimo kimoja pungufu. Mechi moja zaidi. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo iliyoonekana kuwa ndiyo ya kumuua mtu.

Na usidhani walijifunza mara moja. Miaka mitatu baadaye, tarehe 29 Aprili 1993, nahodha wa Boston Celtics, Reggie Lewis, kijana wa Baltimore aliyekuwa kipenzi cha mji mzima wa Boston, alianguka katika mechi ya mtoano. Wakaitwa madaktari bingwa wa moyo kumi na wawili. Wakasema moyo una ugonjwa, na kazi ya mpira imefika mwisho. Yakatafutwa maoni mengine. Yakapatikana mengine, yenye matumaini zaidi: pengine ni tatizo la kuzimia tu, tena linatibika. Tarehe 27 Julai mwaka huo huo Lewis alikuwa akirusha mipira mazoezini, tena kwa utulivu, akaanguka na kufa. Alikuwa na miaka 27. Ni haki ya mgonjwa kutafuta daktari wa pili, na mara nyingine daktari wa pili ndiye mwenye kweli. Ila jiulize kwa nini ni nadra sana mtu kumtafuta daktari wa pili pale wa kwanza anapompa jibu tamu.

Mwaka ule ule aliokufa Hank, mchezaji kijana wa chuo cha Notre Dame, Monty Williams, alipimwa na kukutwa na unene wa misuli ya moyo. Wakamweka kando. Misimu miwili alitazama wenzake wakicheza, akiwa na miaka ambayo mchezaji ndiyo kwanza anachanua. Kisha akapimwa upya, akaruhusiwa, akacheza, akaingia NBA, na baadaye akawa kocha aliyeifikisha Phoenix kwenye fainali ya mwaka 2021. Sisemi kwamba kila atakayekaa benchi atalipwa hivyo. Wengi hawarudi. Lakini Williams alizeeka kiasi cha kusimulia.

Kwetu habari hizi tunazijua kwa mpira wa miguu. Wengi tulimwona Marc-Vivien Foé wa Cameroon akianguka katikati ya uwanja mjini Lyon, tarehe 26 Juni 2003, hakuna aliyemgusa. Disemba 2016, katika uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba, mchezaji kijana wa Mbao FC, Ismail Khalfan, alifunga bao, na muda mfupi baadaye akaanguka na kufariki. Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, aliangukia uwanja wa White Hart Lane jijini London tarehe 17 Machi 2012, na moyo wake ukakaa dakika 78 bila kupiga wenyewe. Yuko hai. Waliingia watu wanaojua kazi, akiwemo daktari wa moyo aliyekuwa amekuja kutazama mechi tu, na hawakuacha kumsukuma kifua. Na Christian Eriksen alipoanguka Copenhagen mwaka 2021, nahodha wake Simon Kjær alimkimbilia, wenzake wakamzunguka ukuta, mashine ya kushtua moyo ikaletwa. Alipopona, akawekewa kifaa kidogo kifuani. Italia, ambako ndiko alikokuwa akicheza, ikamwambia kwa upole kwamba kwao haruhusiwi kucheza na kifaa hicho. Italia wana msimamo wao: tangu mwaka 1982 kila mchezaji wa mashindano hupimwa moyo kabla ya kuruhusiwa, hata pale asipojisikia chochote. Watu waliwaona wagumu. Vifo vya ghafla vya wanamichezo vijana vilipungua sana katika eneo la Veneto, ambako watafiti waliviorodhesha kwa miaka mingi.

Shule zetu haziwezi kumpima umeme wa moyo kila mtoto anayekwenda UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, wala wale wa michezo ya sekondari kule Kenya. Tusidanganyane. Lakini kuuliza ni bure. Ulishawahi kuzimia ukiwa unakimbia, siyo baada ya kukimbia? Kifua kinakubana ukipanda kilima ambacho wenzako wanakipanda wakipiga soga? Kuna mtu wa ukoo wenu aliyekufa ghafla akiwa kijana? Utotoni ulikuwa unaugua mafindofindo mara kwa mara, magoti yanavimba? Hilo la mwisho ni letu zaidi kuliko la Wamarekani: mafindofindo yasiyotibiwa yanaweza kuacha makovu kwenye milango ya moyo, na watoto wengi wa Afrika Mashariki wanatembea nayo bila kujua.

Tatizo ni majibu tunayojipa wenyewe. Mtoto akianguka uwanjani, jukwaa zima linakuwa na utabibu wake. Hajala. Ana kifafa. Amerogwa na ile shule ya ng'ambo ya mto. Anamwagiwa maji, anapepewa, anavutwa ulimi, na dakika zinakwenda. Kila dakika moyo unapokaa bila kushtuliwa, nafasi ya kupona inapungua takriban kumi katika mia. Aliyesimama moyo anaweza kutupatupa mikono kama mwenye degedege, anaweza kuvuta pumzi moja moja za kukoroma, na watu wakasema anapumua, mwacheni. Asiyeitika na asiyepumua kama kawaida anahitaji kifua chake kikandamizwe, katikati, kwa nguvu, kiende chini sentimita tano au zaidi kidogo, mara mia hadi mia na ishirini kwa dakika, bila kusimama mpaka waje wenye mashine. Mwalimu wa michezo anaweza kulijua hili kwa asubuhi moja ya mafunzo.

Na akizinduka mwenyewe, kama Hank alivyozinduka Disemba ile? Hapo ndipo kazi ngumu inapoanza, kwa sababu atasimama, atajikung'uta vumbi, atasema, "Niko fiti, mwalimu." Wenzake watapiga makofi. Mwalimu anayemtaka kwenye kikosi cha fainali atalisikia neno alilokuwa akiliombea. Rafiki yake wa karibu, aliyemwona wiki iliyopita akishika kifua nyuma ya bweni, akaambiwa asimwambie mtu, atatazama chini. Huyo ndiye ninayemtaka. Ampeleke pembeni mwalimu na aseme: mwalimu, hii siyo mara ya kwanza. Rafiki yake anaweza kumnunia muhula mzima. Amnunie.

Ila mkishamtoa uwanjani msimtupe. Kijana hafichi ugonjwa kwa sababu ya mpira peke yake. Anauficha kwa sababu akitoka kwenye timu anatoka kwenye basi, kwenye nyimbo za njiani, kwenye utani wa chumba cha kubadilishia nguo, na kwenye jina ambalo shule nzima inamwita. Mpe daftari la takwimu. Mpe saa ya kupimia muda. Akae benchi na jezi yake namba ile ile, asafiri na wenzake, agombane na mwamuzi, ale chakula cha timu. Wanaojua kuhesabu ribaundi na asisti siku zote ni adimu.